Filimbi Katika Masomo Yetu
Maneno ya walimu siku ya Jubilei ya Parokia



Tumeombwa kusema machache juu ya kazi ya masomo. Tungeweza kuhesabu vyumba vya kalasi na madawati yanayokosekana. Lakini hayo atayasema Direkta, naye anayajua kuliko sisi. Sisi walimu tumechagua kitu kidogo, chenye urefu wa sentimeta 32 hivi: filimbi.

Bushi haikungoja masomo ili ijue kupuliza. Wazee wetu walikuwa na mulizi, na muziki wao ulimvuta hata Mmarekani Alan Merriam, aliyefika huku miaka ya 1951 na 1952 kunasa nyimbo za Bashi katika mashini yake. Filimbi ya masomo ni nyingine. Ina matundu saba mbele na moja nyuma kwa kidole gumba. Huko Ulaya ilikuwa karibu kusahauliwa, mpaka fundi Arnold Dolmetsch alipoitengeneza upya Uingereza mwaka 1919. Baadaye ikafanywa kwa plastiki, bei ikashuka, ikaingia mikononi mwa watoto.

Wazazi wengine hutuuliza kama mtoto analipiwa masomo ili ajue kupiga mluzi. Ni swali la haki, kwani franka hupatikana kwa jasho. Basi sikilizeni. Mtoto akipuliza kwa nguvu, filimbi hulia kama kuku aliyekanyagwa. Akipuliza polepole, sauti hutulia. Hakuna mwalimu aliyemgombeza. Sikio lake mwenyewe limemhukumu. Katika kalasi iliyojaa watoto hatuwezi kusahihisha daftari zote kwa saa moja, lakini kosa la filimbi husikika papo hapo, na mwenye kulifanya ndiye wa kwanza kulisikia. Anarudia, wala hatukumwagiza. Noti tatu tu, si, la, sol, kwa vidole vya mkono wa kushoto, zatosha kuanza. Tena wanapopuliza pamoja, aliye hodari hujifunza kumngoja anayechelewa, jambo ambalo wengine wetu katika korali hatujalishika bado.

Tumemwona pia mtoto aliyekaa kimya karibu mwaka mzima, akitaja hata jina lake kwa shida. Alipopewa filimbi alisikika kwa mara ya kwanza, na baada ya majuma machache alianza kuinua mkono katika hesabu. Hatusemi kwamba ni mwujiza. Tunasema tulichokiona.

Sasa tuseme ukweli mbele yenu. Filimbi zetu zilikuwa chache, zikitoka mdomo mmoja na kuingia mwingine. Mwaka 2024, ugonjwa wa mpox ulipoenea na hospitali ya Kavumu ikapokea wagonjwa wengi, na watoto wengi kati yao, tulizifungia sandukuni. Tulifanya vema. Kisha mwezi wa pili wa mwaka 2025 vita vikafika hata uwanja wa ndege, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuliza habari za filimbi. Zimebaki sandukuni hivyo.

Twawaomba hivi: katika sadaka za Jubilei, baada ya mabati na saruji, itengwe sehemu ndogo ili kila mtoto wa kalasi ya tano awe na filimbi yake mwenyewe, yenye jina lake, aioshe kwa maji na sabuni, asimwazime hata ndugu yake. Wazazi wanaoweza walipe nusu. Wasioweza watuletee mianzi iliyokauka vizuri, tutajaribu kuitoboa wenyewe. Lakini mianzi ya nyumbani, si ile ya Parke ya Kahuzi-Biega! Wala tusiwachague watoto wa wanakorali peke yao, wala wavulana peke yao.

Sanduku liko katika chumba cha walimu, na ufunguo anao mwalimu wa kalasi ya tano. Mwenye kutaka kuziona filimbi hizo, aje kesho baada ya Misa ya kwanza.