Ramani ya Mji wa Garsen Haichorwi Ofisini Pekee

  

Mazungumzo haya ni juu ya mji wa Garsen na swali moja tu. Ni nani anayeamua soko likae wapi, mtaro upite wapi, na ng'ombe wafike mtoni kwa njia ipi? Wengi watajibu kuwa ni mpimaji na ofisa wa mipango. Sheria haisemi hivyo.

Anayetoka Malindi kwenda Hola na Garissa, au anayeelekea Witu na Lamu, hupitia eneo hili. Ndiyo maana kila anayetafuta ploti huitazama barabara kwanza. Lakini mji huu umekaa karibu na mto, na mto una hesabu zake. Mvua za El Niño za 1997 zilivunja mradi mkubwa wa mpunga hapo jirani. Mafuriko yakarudi 2018, yakarudi mwishoni mwa 2023 na tena 2024, barabara ya Lamu ikakatika pale Lango la Simba na abiria wakakwama na mizigo yao. Mpimaji anayefika wakati wa kiangazi haoni hayo. Yeye huona uwanja mkavu, mtupu, unaofaa kukatwa ploti. Mama mwenye kibanda anajua maji yalifika kimo gani ukutani. Mkulima anajua yalipotuama wiki tatu. Mfugaji akiutazama uwanja huohuo huona malka, njia ya mifugo ya kushukia mtoni. Ng'ombe waliotoka malisho ya mbali hawana pengine pa kunywa.

Malka likizibwa kwa ukuta, ng'ombe hawaachi kuwa na kiu. Watapita shambani. Hapa Delta ya Tana hakuna haja ya kueleza kinachofuata. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa, na vijiji vikachomwa. Siasa ilikuwamo, ndiyo, lakini ugomvi wa maji, malisho na mashamba ulikuwa mkongwe kuliko uchaguzi wowote.

Wakati damu hiyo haijakauka, Februari 2013, Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ambayo wakazi wa delta walikuwa wameifungua mwaka 2010 kuhusu ardhi yao na miradi mikubwa iliyokuwa ikiitaka. Jaji Mumbi Ngugi aliamuru itayarishwe mipango ya matumizi ya ardhi ya delta, ya muda mfupi, wa kati na mrefu, kwa kuwashirikisha wakazi kikamilifu. Kazi ya kupanga ilikuwa imekwisha kuanza, na Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Delta ya Tana ukazinduliwa 2015, baada ya watu wa vijiji kuketi na kusema ni wapi pa kulima, pa kulisha na pa kuachwa. Ilichukua miaka. Vikao vilikuwa virefu. Hata hivyo ni nafuu kubishana miaka mitatu juu ya karatasi kuliko usiku mmoja kwa mapanga.

Mpango ule ulihusu delta nzima. Mji una mambo madogo zaidi, na hayo madogo ndiyo huumiza: upana wa mtaro, mahali pa steji, choo cha soko, taa za barabarani, jaa la taka, mahali pa kushushia mbuzi bila kufunga njia ya wagonjwa. Hayo hayapatikani katika ramani ya delta. Yatapatikana kwa mtu anayefungua kibanda chake saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa sheria. Kifungu cha 115 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinasema ushirikishaji wa umma katika mipango ya kaunti ni lazima. Pia kinataka mwananchi apewe habari: athari kwa mazingira, matokeo yanayotarajiwa, njia mbadala zilizopo na gharama zake. Kwa hiyo mtu akiitwa kikaoni aonyeshwe mchoro mmoja tu na kuulizwa kama ameupenda, bado hajashirikishwa. Vilevile kuandika jina na kutia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio si kutoa maoni. Kifungu cha 88 kinampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali ya kaunti, na cha 89 kinailazimisha kujibu bila kuchelewa.

Jambo la lugha nalo lisidharauliwe. Michoro mingi huja kwa Kiingereza. Mzee anayezungumza Kipokomo au Kiorma anaweza kukaa kimya kikao kizima, kisha ikaandikwa kuwa hakuna aliyepinga. Mkalimani aombwe mapema. Ramani ibandikwe sokoni na kwenye ofisi ya wadi siku kadhaa kabla ya kikao, watu wapate kuitafuta nyumba yao na kuinyooshea kidole.

Maoni yanayosaidia ni yale yanayotaja mahali. "Mtuboreshee mji" haimpi mchoraji kitu cha kufanya. "Mtaro ulio nyuma ya soko huziba, maji huingia madukani" ni jambo analoweza kulichora kesho yake. Yaandikwe, hata kwa mkono, kikundi kibaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokewa. Mchoro ukirudi, nakala iletwe, ilinganishwe, na kilichoachwa kiulizwe sababu.

Na siku ya kikao ichaguliwe kwa kuuliza. Kikao kikiwekwa siku ya mnada wa mifugo, mfugaji hatakuwapo, na mama wa soko pia. Msimamizi wa wadi aambiwe hivyo mapema, kabla matangazo hayajabandikwa.