Sheria ya uvuvi isitungwe bila mvuvi

Mazungumzo na jamaa waliohamishwa na viongozi wa vijiji vya kandokando ya Ziwa Tanganyika



Leo tunazungumza juu ya samaki na Bunge. Labda wengine watauliza: samaki wako hapa ziwani, Bunge liko Kinshasa, vinakutana wapi? Vinakutana katika wavu wako. Mtumishi wa serikali anapokuambia kwamba wavu huu unaruhusiwa na ule umekatazwa, anasema kwa jina la sheria. Sheria hiyo ilipitia mikononi mwa watu walioketi pamoja, wakajadiliana, kisha wakaamua. Ikiwa kati yao hapakuwa na mtu anayejua maisha ya ufukoni, basi sisi ndio tutakaolipa.

Kwa nini jambo hili ni la amani

Mnajua historia yetu. Katika vita vya 1996 na vya 1998, watu wengi wa Uvira, Fizi na Kalemie walivuka ziwa kwenda Kigoma. Kuanzia mwaka 2005, meli zilirudisha jamaa wengi kupitia Baraka. Wengine hawakuvuka mpaka. Walihama kutoka kijiji hadi kijiji ndani ya nchi yao, kama ilivyotokea katika jimbo la Tanganyika wakati wa mapigano ya miaka ya 2016 na 2017.

Mtu aliyekimbia akifika ufukoni anakuta mambo mawili. Shamba linahitaji kuomba ardhi, kupata mbegu na kungoja miezi. Ziwa laweza kutoa chakula usiku mmoja. Basi anaingia ziwani. Lakini hana fedha za kununua wavu mzuri, taa na mtumbwi mkubwa. Anatafuta kipande cha wavu wenye matundu madogo, au anashona chandarua cha mbu, anavua karibu na ufuko. Na karibu na ufuko ndipo samaki wengi wanapozalia na kukulia.

Mwenyeji akiona ndagala na mikebuka wamepungua, anasema: «Hawa wageni wanamaliza ziwa letu.» Mgeni naye anasema: «Hawa wenyeji wanataka tufe njaa.» Halafu doria inakuja, inachukua nyavu na kuzichoma. Usiku ule watoto hawali, na kila upande unaamini kwamba ni upande wa pili uliokwenda kushtaki. Hivyo ndivyo ugomvi wa samaki unavyogeuka kuwa ugomvi wa makabila.

Tuseme ukweli wote. Wavu wa matundu madogo unaharibu, mtu asijidanganye. Lakini wavu wa maskini si sababu pekee. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yamepata joto. Maji ya juu yakiwa na joto zaidi, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na hivyo chakula cha samaki kinapungua. Jambo hilo halikuletwa na mkimbizi wala na mwenyeji. Watu wanaopungukiwa pamoja wanapaswa kutafuta dawa pamoja.

Sheria ya zamani na maisha ya leo

Wabelgiji walitoa amri juu ya uwindaji na uvuvi tarehe 21 Aprili 1937. Baada ya uhuru wa 1960, watumishi waliendelea miaka mingi kuitegemea amri hiyo katika mambo ya uvuvi. Uwindaji ulipata sheria yake tarehe 28 Mei 1982. Kilimo kilipata sheria ya misingi tarehe 24 Desemba 2011. Uvuvi uliachwa nyuma, ukaongozwa kwa maandishi ya kale na kwa maagizo ya hapa na pale.

Lakini Katiba ya 18 Februari 2006 inasema wazi, katika kifungu cha 123, kwamba misingi ya kilimo, ufugaji, uvuvi na ufugaji wa samaki huwekwa kwa sheria. Maana yake ni kwamba kazi hiyo ni ya Bunge. Na kazi ikiwa ya Bunge, ni ya watu waliowatuma wabunge.

Tujifunze kwa majirani

Ziwa hili ni la nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Nchi hizo zilitia sahihi mapatano ya kulitunza tarehe 12 Juni 2003, huko Dar es Salaam. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Kwa hiyo linaloamuliwa ng'ambo linatugusa, na letu linawagusa wao.

Katika Bunge la Tanzania, mwaka 2018, uvuvi ulileta mjadala mkali. Serikali ilikuwa ikifanya msako wa uvuvi haramu, na wabunge wa sehemu za maziwa walilalamika juu ya nyavu zilizochomwa na faini kubwa. Mwezi wa Juni mwaka ule, maofisa wa uvuvi waliingia hata katika mgahawa wa Bunge kule Dodoma, wakapima samaki kwa rula, wakatoza faini kwa sababu samaki walikuwa wadogo kuliko kipimo cha sheria. Habari hiyo ilisikika nchi nzima.

Wengine walicheka. Sisi tuchukue fundisho. Kilio cha kijijini kinaweza kusemwa miezi mingi bila kusikilizwa sana. Rula ikifika kwenye sahani ya mkubwa, kila mtu anasikiliza. Hatutaki kungoja mpaka hapo. Tunataka wabunge wetu waijue sahani ya mvuvi kabla ya kupiga kura.

Mlango uko wapi?

Sheria hupita njia ndefu, na kila kiongozi anapaswa kuijua. Kwa kifungu cha 130 cha Katiba, serikali, mbunge yeyote au seneta yeyote anaweza kuleta pendekezo la sheria. Bunge la Taifa hulizungumzia, kisha tume ya wabunge hulichunguza kifungu kwa kifungu. Linarudi mbele ya wabunge wote, wanapiga kura. Seneti nayo inafanya kazi yake. Mwisho Rais anatia sahihi, na sheria inatangazwa katika Gazeti Rasmi.

Mlango wetu mkubwa uko pale kwenye tume. Pale neno moja laweza kubadilishwa. Kwa mfano, kama imeandikwa «wavu utachukuliwa na kuharibiwa», tume yaweza kuongeza «baada ya muda wa kuubadilisha». Neno dogo kama hilo laweza kuokoa nyumba nyingi.

Mlango wa pili ni likizo ya wabunge. Vikao vya kawaida ni viwili kwa mwaka: kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, na kuanzia 15 Septemba hadi 15 Desemba. Kati ya vikao wabunge wanapata nafasi ya kurudi kwa watu wao. Andaeni maneno yenu mapema, mbunge akifika asipewe nyimbo na vigelegele tu.

Jamaa waliohamishwa huuliza: «Mbunge wa hapa si wetu, hatukumpigia kura. Atatusikilizaje?» Jibu liko katika kifungu cha 101: mbunge wa taifa anawakilisha taifa lote. Mtu hapotezi nchi yake kwa kukimbia kijiji chake. Mnaweza kusema na mbunge wa mahali mlipo, na pia na yule wa mahali mlipotoka.

Mambo ya kupeleka

Katika vijiji vya ufukoni maneno yanayorudi mara kwa mara ni matano.

1. Nyavu. Wavu mbaya ukikatazwa, mvuvi maskini apate muda na njia ya kupata wavu mzuri, hasa kwa ushirika au mkopo mdogo. Kumnyang'anya bila njia nyingine ni kumfundisha kuvua usiku kwa kujificha.

2. Mazalio. Sehemu za kuzalia samaki ziwekwe alama pamoja na wavuvi wenyewe. Wazee wa ufukoni wanazijua, na sehemu nyingine zilikuwa na miiko tangu zamani.

3. Kodi. Mvuvi anaweza kuombwa fedha na idara moja asubuhi na nyingine jioni. Sheria iseme nani anatoza, kiasi gani, na kwa risiti gani. Penye risiti hila inapungua.

4. Waliohamishwa. Ruhusa ya kuvua isitegemee kabila wala mahali mtu alipozaliwa. Mgeni aandikwe, aheshimu desturi za ufuko, alipe kama wengine, na alindwe kama wengine.

5. Akina mama. Wao ndio wanaonunua ndagala, wanaoanika mchangani na kupeleka sokoni. Ziwa likifungwa, kazi yao inafungwa siku ile ile. Lakini kamati ya ufuko inapoitwa, mara nyingi wanaitwa wanaume peke yao. Hakuna kamati kamili bila wamama.

Barua moja, mikono miwili

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu katika miezi 3. Na mtu asishtakiwe kwa sababu ya kupeleka ombi hilo. Kumbukeni vizuri, kwa sababu wengi wanaogopa kuandika jina lao.

Jambo ninalowaomba kuliko yote ni hili: msipeleke barua mbili. Wenyeji wakiandika yao na waliohamishwa yao, mbunge ataona ugomvi wa watu wawili, atachagua upande wenye kura nyingi au ataziweka zote mbili kando. Barua moja yenye sahihi za mwenyeji na mgeni ni vigumu kuisukuma pembeni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Fanyeni hivi. Kwanza ketini kila kundi kwa nafasi yake: wavuvi, akina mama, vijana, waliohamishwa. Kila kundi lichague wawili. Hao waliochaguliwa waketi pamoja, na kila upande useme kwanza kosa linalofanyika upande wake, kabla ya kutaja la mwenzake. Kisha andikeni yale tu mliyokubaliana, kwa ukurasa mmoja au miwili. Tieni tarehe, wekeni nakala, andikeni siku mliyoipeleka na nani aliyeipokea. Miezi 3 ikipita bila jibu, rudieni kwa upole na nakala mkononi.

Na sheria ikitoka, ulizeni maandishi yake kwa Kiswahili. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali kuzieneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu Rais kutia sahihi. Kiswahili ni mojawapo. Mvuvi asiyeweza kusoma sheria anaitegemea midomo ya yule anayemtoza.

Sitawaahidi kwamba barua yenu italeta nyavu mpya wiki ijayo. Penye vita Bunge huonekana mbali zaidi, na mashauri yake huchelewa. Lakini siku ile mwenyeji na mgeni wanapoketi kukubaliana ni wapi watoto wa samaki wasivuliwe, wameanza kuitengeneza sheria wenyewe, na hawahitaji kungoja Kinshasa ili kuifuata. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Samaki hawajui nani alizaliwa hapa na nani alikimbilia hapa. Wakiisha, watakuwa wameisha kwetu sote.

Mashefu, iteni kikao. Viongozi wa kambi, leteni watu wenu. Akina mama, msikubali kukaa nyuma.