Tumchague Vipi Fundi wa Kuezeka Nyumba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa karakana siku ya Jumamosi. Yameandikwa hapa kwa ombi la wale waliokuwa zamu.)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Katibu, na ndugu zetu wafanyakazi,

Tumezoea kusimama hapa kusema habari ya mshahara na saa za kazi. Leo tumeombwa tuseme habari ya nyumba zetu wenyewe, zile tunazojenga nyumbani kwa wazee wetu, na hasa habari ya paa. Wako watakaosema hili si jambo la chama. Sisi tunaona ni jambo la chama, maana pesa zinazonunua mabati ni zile zile tulizozipigania, na zikiliwa na mdanganyifu ni kama hatukuzipata.

Mwaka juzi mwenzetu mmoja, ambaye amekubali tuseme habari yake bila kutaja jina, alichukua mkopo katika chama cha akiba ili aezeke nyumba ya mama yake upande wa Butere. Ruhusa ya kwenda hakupata. Mtu wa kijiji akamtafutia fundi, wakapatana kwa simu, akatuma pesa zote za mabati, za mbao na za kazi, kwa simu vile vile. Baada ya wiki tatu ikaja picha: nyumba inang'aa, mama amesimama mlangoni anacheka. Sisi sote tuliiona picha ile hapa karakana tukampongeza. Hakuna aliyeuliza kwa nini imepigwa upande wa mbele tu.

Mwezi wa Aprili upepo ulikuja na mvua ya mawe, ukang'oa mabati tisa ya upande wa nyuma, na moja likaanguka katika mahindi ya jirani. Mama akaenda kulala jikoni, katika kile kijumba cha nyasi ambacho marehemu mzee alikiezeka kwa mikono yake mwenyewe, na humo halikuingia hata tone.

Tulikwenda watatu kumsaidia. Mmoja wetu alikuwa na maikromita mfukoni (yake mwenyewe, Bwana Mwenyekiti, si ya karakana). Bati la mbele lilikuwa geji 28, kama lilivyolipiwa, yaani karibu milimita 0.4. Bati la nyuma lilikuwa geji 32, karibu nusu ya hiyo. Misumari ilikuwa imepigwa katika mabonde ya bati, pale pale maji yanapopita, na mingine haikuwa na raba. Mbao za paa zilikuwa zimekalia ukuta tu, hazikufungwa kwa waya wala kwa chuma. Na mkopo ulikuwa bado unakatwa kila mwezi. Simu ya fundi haikupatikana tena.

Basi tulikaa tukajiuliza tulikosea wapi, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Fundi hatambulikani kwa maneno yake wala kwa nyumba aliyoimaliza mwezi uliopita. Wakati wa jua kila paa ni zuri. Tumwambie atuonyeshe nyumba aliyoiezeka ambayo imekwisha pitiwa na masika mawili, kisha twende tuingie ndani tutazame kama mbao zina alama za maji. Tena tusimwulize mwenye nyumba peke yake, maana yeye mara nyingi yuko Nairobi au Mombasa kama sisi. Tumwulize mama wa nyumba, ndiye anayejua sufuria huwekwa wapi mvua ikinyesha.

Kisha tusikilize fundi mwenyewe anauliza nini. Yule wa kwanza alitaja bei kabla hajaiona nyumba. Wa pili, mzee mmoja tuliyempata baadaye, hakutaja bei kabisa siku ya kwanza. Alipanda juu, akajaribu mbao kama ni kavu, akamwuliza mama upepo wa mvua hutoka upande gani. Tulidhani anapoteza wakati. Lakini alihitaji kujua, kwa sababu mabati huanza kupangwa upande ule upepo unakoelekea, ili pale bati linapolalia jingine upepo usipate mdomo wa kuingilia. Akapiga misumari juu ya migongo ya bati, na kila mbao kubwa akaifunga ukutani kwa waya mnene.

Habari ya geji imewapoteza wengi. Mtu husikia 32 akadhani ni kubwa kuliko 28. Ni kinyume: hesabu ikipanda, bati ni jembamba. Kwa hivyo tununue mabati sisi wenyewe, risiti iandikwe geji na idadi, na yahesabiwe yakifika.

Wale wanaojenga nyumba kubwa na kutaka mkandarasi mwenye kampuni, wamwulize kama ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Lakini cheti si paa, na paa zake wakazitazame vile vile.

Katika habari ya pesa tulibishana sana. Wengine walisema fundi asipewe hata senti kabla ya kumaliza. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye baba yake alikuwa fundi seremala, akasimama akauliza: siku hizo zote juu ya paa, watoto wa fundi watakula nini? Tukanyamaza, maana ni kweli. Fundi ni mfanyakazi kama sisi, na hana chama.

Tukapatana hivi. Vifaa tununue sisi. Pesa za kazi zigawanywe: kidogo siku ya kuanza, sehemu moja mbao zikisimama na kufungwa, sehemu moja mabati yakiisha, na sehemu ya mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza. Yote yaandikwe katika karatasi, pamoja na nambari ya kitambulisho na mashahidi wawili. Na sehemu ikiwa tayari alipwe siku ile ile. Sisi ambao hununa mshahara ukichelewa siku mbili, si haki tumcheleweshe fundi mwezi mzima. Na tumpe ngazi nzima, si ile iliyofungwa kwa kamba.

Karatasi hiyo ina faida nyingine. Sheria ya mwaka 2016 ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Mwenzetu hakuwa na karatasi, alikuwa na picha tu.

Je, tukikosa ruhusa ya kwenda? Behewa halitoki hapa karakana mpaka mkaguzi alitazame na kutia sahihi. Nyumba nayo ipate mkaguzi, na asiwe yule aliyetuletea fundi, maana huenda amekwisha pata fungu lake. Katika miaka ya 1960 akina mama wa Mkoa wa Kati waliungana katika vikundi vya mabati, wakachanga pesa, wakaezekeana nyumba kwa zamu. Sisi tunashindwa nini? Wanachama wanaotoka upande mmoja hawaendi likizo siku moja. Anayekwenda na akatazame paa la mwenzake, apande juu, atazame na upande wa nyuma, ndipo pesa zitumwe.

Yule mzee alimaliza kazi mwezi wa Agosti. Mvua kubwa ilinyesha Alhamisi usiku, na mama akapiga simu saa kumi ya alfajiri kusema hakuna tone. Asubuhi mwenzetu akatuma sehemu ya mwisho kabla ya kuingia kazini.

Karatasi ya majina iko kwa Bwana Katibu. Kila mmoja aandike kwao ni wapi, na mwezi wake wa likizo. Wa upande wa Voi wamekwisha jiandikisha sita. Wa Nakuru na Kisumu tunawangoja.