Mjumbe na Waliomtuma

(Hotuba iliyosomwa na Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Karurumo)

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu waheshimiwa, akina mama, na vijana wa Chama,

Sisi tuandikao kumbukumbu za mikutano tumezoea kusikiliza kuliko kusema, na katika kusikiliza huko tumepata maneno mawili yanayogongana. Wazee husema ya kuwa watu wasio na kiongozi ni kundi lisilo na mchungaji. Vijana hujibu ya kuwa kiongozi akishajulikana hununuliwa au hukamatwa, na shauri likafa pamoja naye. Kila upande una hoja, na mabishano haya yasipopatanishwa yaweza kukigawanya Chama. Kwa hiyo tumeona vema kuwakumbusha habari za watu waliodai haki zao kabla yetu, tutazame walifaulu wapi na walijikwaa wapi.

Habari ya kwanza ni ya Nairobi. Mwaka 1921 Harry Thuku, aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina, alikiongoza chama cha East African Association, ambacho wengi wa watu wake walikuwa makarani na watumishi wa nyumbani. Walilalamikia kipande, kodi iliyopandishwa, mishahara iliyopunguzwa, na wanawake na wasichana waliolazimishwa kazi. Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa. Watu wakaacha kazi zao, na maelfu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi.

Tarehe 16 wajumbe sita walikwenda kuonana na Sir Charles Bowring, Katibu wa Serikali ya Koloni. Waliporudi waliwaambia watu watawanyike, kwa kuwa Thuku atatendewa kwa haki. Baadhi wakaanza kuondoka. Lakini wanawake waliona ya kuwa wajumbe wamerudi mikono mitupu, na mmoja wao, Mary Muthoni Nyanjiru, akasimama akawasuta wanaume kwa woga wao. Umati ukasonga mbele, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walihesabu zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Thuku alipelekwa Kismayu, na ilipita miaka ipatayo minane kabla ya kuachiliwa.

Lawama ya damu ile ni ya waliofyatua risasi, wala hatutaki kuwatwika wafu lawama hiyo. Lakini kuna jambo moja la kujifunza. Wajumbe walikwenda kabla haijapatana kati yao na watu ni jibu gani litakalotosha. Waliporudi, neno lao halikuwa neno la watu tena. Wahenga wanasema mjumbe hauawi. Nasi twaongeza ya kuwa mjumbe asiyeaminiwa na waliomtuma amekwisha kufa kabla ya kurudi.

Habari ya pili ni ya jirani zetu Wakamba, ng'ambo ya Mto Tana. Mwaka 1938 Serikali ilisema ya kuwa ng'ombe wamezidi na ardhi ya Machakos inaharibika. Ikaanza kuwakamata ng'ombe na kuwauza kwa nguvu, kwa bei duni, na wengi walikuwa wa kupelekwa katika kiwanda cha nyama kule Athi River. Watu wakajiunga katika Ukamba Members Association, na Samuel Muindi Mbingu akawa msemaji wao. Mwezi wa Julai wanaume, wanawake na watoto, wapatao 2,000 au zaidi, walikwenda kwa miguu hadi Nairobi kumwona Gavana.

Walikaa Nairobi majuma kadhaa. Walitaka jambo moja lililojulikana na kila mtu, hata mtoto: ng'ombe warudishwe na mauzo ya nguvu yakome. Hawakumtuma mtu mmoja aingie ofisini peke yake na kutoka na ahadi. Mwishowe Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, ndiye aliyekwenda Machakos kusema na watu barazani. Baadaye Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, naye hakurudi kwao ila baada ya miaka mingi. Lakini shauri halikuhamishiwa Lamu pamoja naye. Watu waliendelea kukataa, na kabla ya mwaka 1938 kwisha Serikali ilikuwa imeacha mauzo ya nguvu.

Wazee wetu, tazameni tofauti. Mara zote mbili kiongozi aliondolewa. Mwaka 1938 kila mwenye zizi alilijua dai kwa moyo, kwa hiyo kumwondoa msemaji hakukuliondoa dai.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Kule Marekani, katika mji wa Montgomery, Rosa Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumwachia mzungu kiti katika basi. Usiku ule ule mwalimu Jo Ann Robinson na wenzake walichapa makaratasi maelfu kwa maelfu ya kuwaita watu wasipande mabasi. Jioni ya tarehe 5 walikutana kanisani, wakaulizwa kama waendelee, nao wakasimama kukubali. Mchungaji Martin Luther King aliyechaguliwa kuwaongoza alikuwa kijana wa miaka 26 tu. Walitembea kwa miguu na kuchukuana kwa magari siku 381, mpaka ubaguzi ule wa mabasi ukaondolewa.

Sasa tuje kwetu. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya walisimama kuukataa mswada wa fedha, wakasema hawana kiongozi wala kabila. Wengi waliuawa. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza ya kuwa hatautia sahihi. Tusiwacheke vijana kwa kukataa kiongozi. Waliyajua yaliyompata Thuku na Muindi Mbingu, na hakuna awezaye kumhamishia Lamu mtu asiyejulikana. Lakini nao vijana wakubali ukweli wa wazee: ulipofika wakati wa mazungumzo, ilikuwa vigumu kujua ni nani aende, aseme nini, na amrudishie nani jibu.

Basi tusibishane tena kama kiongozi yupo au hayupo. Tuulize: ametumwa na nani, kwa neno gani, na atarudi lini? Kwa idhini yenu twapendekeza mambo matatu. La kwanza, kila lalamiko la Chama, likiwa la maji, la barabara au la zahanati, liandikwe na kusomwa mbele ya mkutano kabla ya kupelekwa popote, na jibu litakalotutosha liandikwe pamoja nalo. La pili, wajumbe wasipungue watatu, na miongoni mwao awepo mama na kijana. La tatu, siku ya kurudi itajwe kabla ya siku ya kwenda, na wajumbe wasikubali lolote kwa niaba yetu kabla hatujalisikia.

Mambo haya ni madogo, na kazi yake ni ya karatasi na kalamu. Lakini kama tungekuwa nayo, mzee hangeogopa fujo ya kijana, na kijana hangeogopa mzee kumuuza. Kumbukumbu zetu nazo zingekuwa na kazi zaidi ya kulala sandukuni.

Wazee, tumesema. Neno sasa ni lenu.