Damu ya Uvimbe: Ultrasaundi ya Viputo katika Matibabu ya Saratani ya Ini



Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa SHARP, uliohusisha wagonjwa 602 wenye saratani ya ini isiyofaa tena kwa upasuaji. Nusu ya waliopewa vidonge vya sorafenibu waliishi zaidi ya miezi 10.7; kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, ilikuwa miezi 7.9. Ila uvimbe ulisinyaa vya kutosha kwa wagonjwa 2 tu katika kila 100 waliotumia dawa. Dawa ilikuwa inafanya kazi, na kipimo cha ukubwa hakikuiona.

Sababu iko kwenye damu. Saratani ya ini hujijengea mishipa mipya na kujilisha zaidi kwa ateri, wakati ini lenyewe hupata sehemu kubwa ya damu yake kutoka kwenye utumbo. Sorafenibu huzuia mishipa hiyo mipya. Uvimbe ukikosa damu hufa ndani kwa ndani, umbo la nje likibaki vilevile. Anayetegemea sentimita peke yake husubiri miezi miwili au zaidi, na kwa wagonjwa hawa huo ni muda mrefu mno wa kumpa mtu dawa ghali, yenye kuchubua viganja na kuharisha, bila kujua kama inamfaa.

Hapo ndipo ultrasaundi ya viputo inapotusaidia. Mgonjwa hudungwa kwenye mshipa wa mkono viputo vya gesi ya salfa heksafloraidi, vidogo kuliko chembe nyekundu za damu. Haviponyoki nje ya mishipa, na gesi yake hutoka kwa pumzi, kwa hiyo hata mwenye figo dhaifu anapimika. Mpimaji hushusha nguvu ya mawimbi asije akavipasua, hutuliza kifaa cha kupimia (probu) mahali pamoja na kumwomba mgonjwa apumue taratibu. Sekunde 10 hadi 20 zikipita, uvimbe wenye damu nyingi huwaka kabla ya ini linalouzunguka. Kompyuta huchora mwangaza unavyopanda na kushuka. Eneo lililo chini ya mchoro ndilo linalotuonyesha wingi wa damu.

Huko Ufaransa, Nathalie Lassau na wenzake wa Gustave Roussy, Villejuif, waliongoza utafiti wa vituo 19 na wagonjwa 539, uliochapishwa mwaka 2014. Walikuwamo wenye saratani ya ini na wenye saratani nyingine, wakitibiwa kwa dawa zinazolenga mishipa ya damu. Wale ambao eneo hilo la chini ya mchoro lilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 baada ya mwezi mmoja walikaa muda mrefu zaidi kabla ugonjwa haujasonga, na waliishi zaidi.

Bado sishauri mgonjwa asimamishiwe dawa kwa mchoro mmoja. Uvimbe uliojificha juu chini ya kiwambo, au ulio ndani sana kwenye ini lenye mafuta, hausomeki vizuri. Tena si kila mashine ya ultrasaundi ina programu ya viputo. Kwetu, ambako homa ya ini B na sumukuvu vinawaletea saratani hii watu wa umri wa kufanya kazi, naomba vituo vyenye uwezo huo vianze na jambo moja: kila mgonjwa apimwe kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, kisha apimwe tena baada ya mwezi kwa mashine ileile, mipangilio ileile na uvimbe uleule.