Siasa na Vyuo vya Dini vya Majirani Zetu Waislamu

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi mbele ya kamati za sharika za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa)



Katika kikao kilichopita mjumbe mmoja aliuliza: "Kwa nini mfuko wetu wa elimu usomeshe watoto wa Kiislamu? Mbona wenzetu hawakujenga vyuo kama sisi?" Siku ile hatukuwa na jibu la kutosha. Leo tungependa kulijibu, kwa kuwa tusipolijibu vizuri tutawanyima watoto haki yao kwa kutojua historia.

Tuanzie pwani. Zamani mwanafunzi wa dini alikaa miguuni pa sheikh wake, msikitini au nyumbani. Hakupewa cheti bali ijaza, yaani idhini ya kufundisha kitabu alichokisoma. Mwaka 1951, wakati wa Waingereza, Zanzibar ilipata Chuo cha Kiislamu chenye madarasa na mitihani. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Sayyid Omar Abdallah, maarufu kama Mwinyi Baraka, msomi wa dini aliyesoma pia Oxford. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 chuo hicho kilifungwa, na hakikufunguliwa tena hadi 1972. Masheikh kadhaa walihama. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alikwenda Kenya mwaka 1967, na mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo. Hivyo Zanzibar ilipoteza mwalimu, Kenya ikampata.

Huku Bara, Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki (EAMWS), iliyoanzishwa mwaka 1945 kwa msukumo wa Aga Khan, ilijenga shule na ikawa na mpango wa chuo kikuu Dar es Salaam. Desemba 1968 serikali iliipiga marufuku, na mwezi huo huo BAKWATA ikaundwa. Wapo wanaosema chanzo kilikuwa mgogoro wa ndani ya jumuiya, na wapo wanaosema serikali haikutaka chombo chenye nguvu nje ya mkono wake. Vyovyote iwavyo, mpango wa chuo kikuu ulikwama.

Hapa hatuna budi kusema ukweli kuhusu sisi wenyewe. Shule zetu nazo zilitaifishwa, na wazee wetu waliumia. Lakini chuo chetu cha theolojia cha Makumira, kilichokuwapo tangu miaka ya 1950, kiliendelea kuandaa wachungaji. Kijana wa Kiislamu aliyetaka elimu ya juu ya dini alilazimika kutafuta nafasi nje ya nchi, kama vile Al-Azhar ya Misri au Madina. Kisha mwaka 1992 makanisa yalitia saini makubaliano na serikali kuhusu huduma za jamii, jambo ambalo Waislamu wengi wamelilalamikia kuwa ni upendeleo.

Upepo ulibadilika pale sheria ya 1995 ilipofungua njia kwa vyuo vikuu binafsi. Wakati sisi tunaanzisha Tumaini, Zanzibar ilipata mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Zanzibar pamoja na chuo cha ualimu cha Chukwani, ambacho baadaye kilipewa jina la Dk. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO, baada ya serikali ya Rais Mkapa kuyakabidhi. Humo masomo ya dini yanakwenda pamoja na ualimu, sheria na biashara.

Ndugu wajumbe, kwa hiyo jibu ni kwamba wenzetu walitaka kujenga. Mlango ulifungwa, na ulipofunguliwa walijenga ndani ya miaka michache.

Wengine hunong'ona kuhusu fedha za Waarabu. Tuwaulize kwa upole: jenereta ya zahanati yetu ilitoka wapi? Sisi tunaoishi kwa sadaka za marafiki wa Ujerumani na nchi za Skandinavia hatuwezi kumnyooshea jirani kidole kwa kuwa naye ana marafiki.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, fomu ya mfuko wa elimu iangalie mahitaji na bidii ya mtoto, isiulize dini yake. Pili, kila kamati, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay na Liuli, imtembelee imamu wa jirani na kumwuliza vijana wake wanasoma wapi. Tatu, wafadhili wetu waendelee kutuamini katika uamuzi huu, hata ukileta maswali makwao.

Sisi tulinyang'anywa shule, tunajua uchungu wake. Tusiwe watu wa kumfungia mwenzetu mlango.