Lango Halilindwi na Kipa Peke Yake
Hotuba kwa vijana wa mchezo wa magongo na wageni wao kutoka mipakani, Mbuya, Kampala



Tumeombwa kujibu swali ambalo vijana wa hapa wamekuwa wakiulizana kila wanaporudi kutoka uwanjani. Kwa nini timu yenye mbio, yenye vijana hodari wa kuchezea gongo, timu inayofunga mabao karibu kila mechi, huona taabu kubwa inapofika zamu ya kujilinda? Jibu lililoenea mtaani ni kwamba kipa ni dhaifu. Jibu hilo ni jepesi, nalo si la haki. Sisi maofisa wa mahusiano ya jamii si makocha, lakini kazi yetu ya kila siku ni ulinzi, na katika mchezo huu tumeona mambo ambayo tunakutana nayo kazini.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe, kwa maana wengi wetu tumelelewa na kandanda na tunayapima magongo kwa kipimo cha kandanda. Katika kandanda mabeki wanaweza kusogea mbele kwa pamoja wakamwacha mshambuliaji ameotea, na mwamuzi akawaokoa kwa kipenga. Katika magongo hila hiyo haipo, kwa kuwa sheria ya kuotea ilifutwa mwaka 1998. Mshambuliaji akitaka kusimama karibu na mlingoti wa lango lenu, asimame, hana kosa. Ukimwacha nyuma ya mgongo wako, hakuna sheria itakayokusaidia. Atakayekusaidia ni mwenzako, ikiwa amemwona na ikiwa amekuambia.

Sheria nyingine ni ya nusu duara iliyo mbele ya lango. Bao halihesabiwi mpaka mpira uguswe na mshambuliaji ndani ya eneo hilo, lenye upana wa mita 14.63 kutoka mstari wa lango. Ndani yake kosa la mlinzi ni ghali mno. Akimgonga mtu gongo au akiuzuia mpira kwa mguu, wapinzani hupewa kona ya adhabu. Hapo timu inayojilinda hubakiwa na watu 5 tu, pamoja na kipa. Wengine 6 huamriwa kwenda kusimama nyuma ya mstari wa katikati, wasiruhusiwe kurudi mpaka mpira uchezwe. Zingatieni jambo hilo, vijana wetu: kosa la mtu mmoja huwaondoa walinzi sita. Kisha mpira unapigwa kwa nguvu, na watu wanasema kipa ni dhaifu!

Sasa tuje kwenye sababu za udhaifu. Tumeziona nne.

Ya kwanza ni kuufuata mpira kwa macho na kumsahau mtu. Mpira ukiwa upande wa kulia, vichwa vyote vinageukia kulia. Wakati huo kuna mshambuliaji mmoja ananyemelea mlingoti wa kushoto, polepole, hana haraka, kwa sababu hakuna anayemtazama. Mpira unapovushwa, yeye ananyoosha gongo tu. Mlinzi mwenye akili hugawa macho yake: huutazama mpira, kisha humtazama mtu wake, kisha hurudi kwenye mpira. Mpira peke yake haufungi bao. Mtu ndiye anayefunga.

Ya pili ni kimya. Timu isiyosemezana haiwezi kujilinda, hata ikiwa na mabeki hodari namna gani. Kipa ndiye anayeuona uwanja wote, kwa hiyo sauti yake ndiyo silaha ya kwanza kabla ya pedi zake. Lakini sauti ya kipa haifai kitu ikiwa wenzake wamezoea kumlaumu na hawajazoea kumsikiliza. Kijana anayelaumiwa kila bao linapoingia hujifunza kunyamaza, na kipa aliyenyamaza ni mlango usio na komeo.

Ya tatu ni washambuliaji kudhani kwamba ulinzi ni kazi ya watu wengine. Mshambuliaji akipokonywa mpira, huweka mikono kiunoni, akatazama mbingu, akasikitika. Katika sekunde hizo wapinzani wamekwisha kupita viungo na wamefika kwa mabeki, watatu dhidi ya wawili. Ulinzi huanzia pale mpira unapopotea. Mshambuliaji akigeuka mara moja na kumkaba aliyempokonya, si lazima aupate mpira tena; inatosha kumchelewesha mpaka wenzake wajipange. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa lango letu mara nyingi huanzia mbele, mbali na lango lenyewe.

Ya nne ni uwanja na mazoea. Kijana aliyejifunza kwenye udongo hujua kwamba mpira utadunda, basi husimama wima akiungoja uamue uendako. Kwenye nyasi bandia mpira huteleza kwa kasi na kwa unyoofu. Anayesimama wima huuona umekwisha kupita. Huko mlinzi anatakiwa kuinama, kukunja magoti na kulaza gongo chini. Michezo ya Olimpiki ya kwanza kuchezea magongo kwenye nyasi bandia ilikuwa ile ya Montreal mwaka 1976. Uganda, Kenya na mataifa mengine mengi ya Afrika hayakucheza huko, kwa kuwa yaliisusia michezo hiyo kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya ubaguzi. Msimamo ule ulikuwa wa heshima. Lakini mchezo ulibadilika sakafu na sisi hatukuwapo, na athari yake ingali inaonekana katika miguu ya vijana wetu.

Isije ikasemwa kwamba ulinzi si kipaji chetu. Jirani zetu wa Kenya walimaliza katika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Barcelona mwaka 1971. Nahodha wao wa miaka hiyo, Avtar Singh Sohal, alikuwa beki, na alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Uganda nayo ilifika Munich mwaka huo wa 1972, mara yake ya pekee ya kucheza magongo katika Olimpiki. Haikushinda makundi wala medali. Hata hivyo ilitoka sare ya 1–1 na Ujerumani Magharibi, ambayo baadaye ilitwaa dhahabu. Katika mechi zote za mashindano yale, Uganda peke yake ndiyo iliyotoka uwanjani na bingwa huyo bila kufungwa mchezo. Sare kama hiyo haipatikani bila watu kumi na mmoja kukubaliana kulinda.

Lakini tuseme na sehemu ya pili ya habari hiyo. Wengi katika timu ile walikuwa wana wa Uganda wenye asili ya Asia. Mwezi Agosti mwaka huohuo utawala wa Idi Amin ulitangaza kuwafukuza Waasia nchini katika muda wa siku 90. Familia ziliondoka, na pamoja nazo wakaondoka makocha, waamuzi na wazee wa klabu waliokuwa wakiwafundisha watoto jinsi ya kumkaba mtu na jinsi ya kupanga mabeki. Kushambulia kijana anaweza kujifunza peke yake, kwa gongo, mpira na ukuta wa nyumba. Kujilinda hakufundishiki hivyo. Hujengwa na watu wanaofahamiana kwa miaka, na ukiwatawanya watu hao, ujuzi huo hutawanyika nao.

Ndugu zetu wa mipakani, hapa ndipo maneno haya yanapowahusu. Kituo cha forodha na kituo cha polisi ni kipa. Vina kazi yao, na vinapaswa kuifanya vizuri. Lakini mpaka ni mrefu, na njia za panya hupita nyuma ya nyumba, katikati ya mashamba na kando ya mito. Anayepitisha mifugo ya wizi, silaha, au mtoto wa mtu aliyedanganywa kwa ahadi ya kazi mjini, hapiti mbele ya kipa. Hungoja kwenye mlingoti wa mbali, mahali ambapo hakuna anayetazama. Wa kwanza kumwona ni mchungaji, mwendesha bodaboda, mama wa genge la mboga. Mtu huyo akinyamaza kwa kudhani kwamba ulinzi ni kazi ya wengine, habari hutufikia wakati ng'ombe wamekwisha kuvuka, au mtoto amekwisha kutoweka. Semeni mapema: kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa kituo kilicho karibu, au kwa simu nambari 999. Nasi wajibu wetu ni kuisikiliza sauti hiyo na kulihifadhi jina la aliyeitoa, ili asije akajifunza kunyamaza.

Jambo jingine ni zito zaidi. Mlinzi mwenye hofu hupiga gongo ovyo ndani ya nusu duara yake, akaiponza timu nzima. Ndivyo ilivyo kwa umati unaomkamata mtu na kumpiga au kumchoma kwa sababu mmoja amepaza sauti ya "mwizi." Huo si ulinzi. Ni kosa la jinai, na katika vurugu hiyo mara nyingine anakufa asiye na hatia, na ushahidi wa kumfikia mhalifu mwenyewe unapotea naye. Kumkaba mtu si kumchukia. Ni kumtazama, kukaa karibu naye, na kumwachia mwamuzi kazi yake.

Wala tusimgeuze kila mgeni kuwa mshambuliaji. Wasamia wako Busia ya huku na Busia ya kule; Waiteso wako Tororo na wako Kenya; Wakonjo wa Kasese wana ndugu zao ng'ambo ya Mpondwe. Anayevuka kwenda sokoni, hospitalini au mazikoni ni jirani, hata kama lafudhi yake ni tofauti. Mlinzi asiyetofautisha mwenzake na mpinzani huishia kuupeleka mpira katika lango lake mwenyewe. Yaliyotokea mwaka 1972 yanatosha kutufundisha gharama ya kuwafukuza watu wa nyumbani kwa kuwaita wageni.

Kwa vijana wetu wa Mbuya tunapendekeza mambo machache ya kuanza nayo. Kabla ya kila mechi, kila mmoja ajue mtu wake na mlingoti wake. Kila mazoezi yawe na sehemu ya kujilinda ambamo washambuliaji nao wanakaba. Kipa apewe mamlaka ya kuwapanga wenzake kwa sauti, na asiwepo wa kumkejeli. Anayepokonywa mpira akimbie hatua kumi kabla ya kusikitika. Na bao likiingia, swali la kwanza lisiwe "nani kipa?" bali "mpira huu tuliupoteza wapi?"

Swali hilohilo tunawaachia ndugu zetu wa mipakani, na sisi wenyewe tunalichukua kwenda nalo kazini. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mikono miwili ya kipa haitoshi kuziba lango la mita 3.66 ikiwa watu kumi waliobaki wanatazama tu.